Fundo la Watu Wawili

Mwenye kutaka kujua alizaliwa wapi na babu yake alikuwa nani, akaulize kwingine. Mimi sikumuuliza, naye hakuwa mtu wa kuulizwa. Nilimkuta hospitali keshakuwa mtu mzima, funguo kiunoni, kila mtu akimwita Msimamizi, na mimi nitamwita hivyo hivyo. Jina lake nalijua. Halina kazi hapa.

Alikuwa mfupi. Ukimwona kwa nyuma ungedhani msichana anakwenda chuoni, mpaka ageuke ukutane na ule uso. Alivaa makubadhi, na mguu wake mmoja ulikuwa na kasoro kidogo, kwa hiyo alipopita kwenye sakafu ya mawe ulisikia hatua moja nzito na moja nyepesi. Ukiisikia ile nzito na ile nyepesi, kama umekaa unasimama, na kama umesimama unatafuta la kufanya.

Hospitali yetu ilikuwa mjini, nyumba ya zamani yenye kuta nene, madirisha yanatazama uchochoroni. Wodi ya wanawake ilikuwa juu, vitanda kumi na viwili, na wauguzi sita, watatu zamu ya asubuhi na watatu zamu ya alasiri. Daktari alikuwa Mzungu, mtu wa haraka, Kiswahili chake cha amri tupu. Chini ya Daktari ni Msimamizi, na chini ya Msimamizi ni sisi.

Na sisi tulikuwa watu gani? Mchele na chuya. Mmoja Mngazija aliyeachwa na mume. Mmoja binti wa nyumba ya Kiarabu iliyofilisika. Mimi, Tausi, mama yangu aliletwa kutoka bara na hakuja kwa hiari yake. Mji haukutuheshimu. Tulipopita watu walisema, hao ndio wanawake wanaoshika uchafu wa watu wasiowajua. Mchumba wangu wa kwanza alikwenda zake kwa neno hilo. Nasema hivi ili ijulikane kuwa watu wale kuwakalisha pamoja wafanye kazi kama mwili mmoja halikuwa jambo dogo, na yeye alilifanya, tena bila fimbo.

Alilifanya kwa kitambaa. Mgonjwa aliyekatazwa kula au kunywa, zamu ikibadilika, hufungwa kitambaa cheupe kwenye mguu wa kitanda chake. Hilo si ajabu, alama ni alama. La kwake yeye ni kwamba kitambaa hakikufungwa na mtu mmoja. Anayetoka anashika ncha moja, anayeingia anashika ya pili, na huku wanavuta, anayetoka anasema mgonjwa kakatazwa nini, kwa nini, na mpaka lini. Anayeingia anayarudia maneno yale yale kwa kinywa chake. Ndipo fundo linakazwa. Kila zamu fundo la zamani linafunguliwa, linafungwa jipya. Naye anasimama pale, mikono nyuma, anasikiliza vitanda vyote. Akimaliza anainama, analigusa fundo kwa kidole. Likiwa limelegea anasema, "Rudieni." Hasemi jingine.

Mimi nilipokuwa mgeni niliona ni kupoteza wakati. Nikamwambia, "Bibi, si nifunge mwenyewe niende zangu? Kazi ni nyingi."

Akaniangalia. "Ukifunga mwenyewe unamwambia nani?"

"Nafunga tu."

"Wewe si unajua tayari? Basi unajiambia mwenyewe. Wendawazimu ndio wanaojiambia wenyewe. Shika ncha."

Baada ya mafundo ilikuwa kahawa. Tulikaa ngazi za nyuma, zamu zote mbili, na mdila mmoja wa kahawa ya tangawizi. Vikombe viwili tu kwa watu saba. Vilikuwepo vingine kabatini, niliviona, hakutaka vitoke. Unakunywa, unampa mwenzako pale pale midomo yako ilipogusa. Mwanzo mwanzo watu walikuwa wanafuta ukingo kwa nguo. Yeye anatazama, hasemi. Baada ya miezi hakuna aliyefuta.

Na hapo kwenye ngazi alikuwa na swali lake moja. "Mkono wako leo umefanya nini kizuri?" Anakwenda mtu mmoja mmoja. Ukisema hakuna, unaosha vikombe. Wakati ule niliona ni mchezo wa kitoto. Lakini ilikuwa hivi: tangu asubuhi, ukimgeuza mgonjwa au ukisafisha kidonda, ulikuwa ukijiambia, hili nitalisema ngazini. Na ulipolisikia la mwenzako ulijua kesho umwekee nini tayari. Watu wamenilipa mshahara maishani mwangu na sikufurahi kama nilivyokuwa nikifurahi pale, nimekaa kwenye jiwe, nimeshika kikombe chenye midomo ya watu sita.

Lakini asidhani mtu nachora malaika. Alikuwa na mambo yake. Alituhubiria kula pamoja, na halua yake aliificha kabati ya dawa, nyuma ya chupa ya mafuta ya mbarika, yale ya kuharisha, akijua hakuna mwenye akili atakayesogeza mkono kule. Alikataza umbeya, na habari za mji mzima alikuwa nazo kabla hazijatokea. Machozi hakuyataka wodini kabisa. "Kalilie msalani," anasema, "hapa watu wanaumwa." Na mimi nimemkuta msalani.

Jingine lilikuwa siri yetu. Hajui kusoma. Chupa za Daktari alizijua kwa uzito, kwa rangi na kwa harufu, na Daktari hakugundua hata siku moja. Mimi nilisoma chuoni kidogo, juzuu chache, na herufi za Kizungu nilizisoma pale pale kwenye vibandiko vya chupa, kwa sababu yeye aliniita pembeni akaniambia, "Wewe una macho mapya. Jifunze haya maandishi, kisha uniambie mimi, na usimwambie mtu mwingine." Mtu mwenye kiburi kile, akakubali kufundishwa na mtoto wa juzi. Ndiyo maana leo naweza kuandika haya. Herufi zangu zote zina harufu ya dawa ya kaboliki.

Sasa nifike pale ninapopaogopa.

Yule binti wa nyumba iliyofilisika aliitwa Zuwena. Tulikuwa tunapangiwa vitanda vimoja, mimi asubuhi yeye alasiri, na siku za kazi nyingi tunakuwa pamoja. Alikuwa na mikono miepesi, bandeji yake ilikaa kama imeshonwa na fundi. Tulikuwa tukimgeuza mgonjwa bila ya kuhesabu moja mbili, namwangalia anajua. Alinifundisha kutengeneza udi, mimi nikamfundisha kutema maneno. Alikuwa shoga yangu, nasema wazi.

Siku moja shangazi yake alikuja wodini kumtazama jirani yao. Mwanamke wa kujipamba, mafuta mazuri, pete. Zuwena alikuwa anatoka nyuma ya pazia la kitanda cha mwisho, kashika beseni la choo. Akamwona shangazi yake, na shangazi akaliona beseni. Zuwena akasimama. Kisha akaninyooshea mimi.

"Tausi, chukua hili. Ndiyo kazi yako."

Nikasema, "Kitanda hicho ni chako leo."

"Nakwambia chukua."

"Na mimi nshakwambia si changu."

Hapo shangazi akacheka kidogo puani. Na kile kicheko ndicho kilichomwasha Zuwena. Akasema kwa sauti ya kusikika mpaka chini, "Mama yako alikuwa akimwosha mama yangu miguu. Leo wewe beseni linakushinda?"

Na mimi sikuwa mtu wa kunyamaza. Mji mzima ulijua kuwa nyumba yao walikuwa wameshauza mlango wa mbele, ule wa nakshi, ukabebwa na wachukuzi mchana watu wakitazama, na sasa pana mbao. Nikamwambia, "Na mama yako leo anakula mlango. Mkiumaliza mlango, kuna madirisha."

Wagonjwa wengine walicheka. Shangazi akajitanda buibui, akaondoka. Zuwena akaliweka lile beseni sakafuni, katikati yetu, hakuna aliyelishika. Tukasikia hatua nzito, hatua nyepesi. Msimamizi akaingia, akatazama mimi, akatazama Zuwena, akainama akalichukua mwenyewe, akatoka nalo.

Tukanuniana. Kwetu kununiana si jambo la siku moja. Kwenye fundo tulisema maneno ya kazi kwa sababu Msimamizi kasimama pale, na maneno yenyewe tuliuambia mguu wa kitanda. Ngazini nilipomaliza kikombe nikakiweka chini, Zuwena hakukichukua mpaka mwingine amwokotee. Mngazija wetu alimwambia Msimamizi, "Bibi, wapatanishe hawa, kahawa imekuwa chungu."

Akajibu, "Hawa ni watu wazima. Wataona haya wenyewe." Alikosea. Na si mara ya mwisho.

Siku ya kumi akaletwa mama mmoja kutoka Uroa, kachukuliwa juu ya kitanda cha kamba na wanaume wanne kutoka ng'ambo ile ya kisiwa, na mama yake mzazi anakuja nyuma kwa miguu. Utumbo ulikuwa umejisokota. Daktari akampasua asubuhi ile ile, akakata palipooza, akashona. Mimi ndiye niliyekaa naye alipozinduka. Mikono yake ilikuwa migumu kama kwato, ya kusokota kamba za usumba wa nazi tangu utoto. Akafungua jicho moja akaniuliza, "Nshakufa?"

"Bado. Ukifa nitakwambia."

Akajaribu kucheka, tumbo likamkataza. "Usinichekeshe, mwanamke we. Nipe maji."

"Maji hakuna."

Daktari alikuwa kasema mbele yangu, kidole kimenyooka: "Siku tatu. Hakuna chakula, hakuna maji. Kulowesha midomo tu. Akila, mshono unafunguka, anakufa. Umesikia?" Nilisikia. Kitambaa nikakitia mfukoni, nikingoja zamu, maana muuguzi akiwapo kichwani kitambaa hakina haja.

Siku ile Msimamizi hakuwapo alasiri. Alikwenda maziko ya mtu wake wa karibu, mtaa wa Ng'ambo. Kwa miaka yote niliyokuwa pale, ndiyo mara ya kwanza mafundo kufungwa bila yeye. Aliniambia wakati anatoka, "Tausi, mafundo." Nikasema, "Naam, Bibi."

Zuwena akaja. Nikakitoa kitambaa, nikasimama mguuni pa kitanda cha mama wa Uroa, nimeshika ncha yangu. Yeye akaanza na kitanda cha mbali, kanipa mgongo. Akanyoosha shuka iliyokwisha nyooshwa. Akaimbaimba puani. Nilijua ananiona. Nikangoja. Wale wenzetu walikuwa upande wa pili na mafundo yao. Mama wa Uroa alikuwa kalala usingizi. Nikasema moyoni, nitahesabu mpaka ishirini, asipokuja shauri yake. Nikahesabu. Hakuja.

Nikakirudisha kitambaa mfukoni, nikatoka.

Kwenye ngazi nilisimama. Naikumbuka ngazi yenyewe, ina ufa. Nikajiambia, rudi, sema maneno manne tu: asile, asinywe, siku tatu. Kisha nikausikia ule mdomo wake, mama yako alikuwa akimwosha mama yangu miguu. Nikajiambia, ana macho, ataona mshono mbichi, ataniuliza mimi. Aniulize. Aje mpaka nyumbani aniulize, nimweke mlangoni kidogo. Nikashuka. Nikapita sokoni nikanunua muhogo. Nikala, nikashiba.

Asubuhi nilipopanda, kabla sijafika juu, nilisikia mlio. Mama wa Uroa kashika pembe za kitanda kwa mikono ile, tumbo limekuwa gumu kama ubao, anatapika maji ya kijani. Daktari kainama juu yake, shingo imekuwa nyekundu. Kando ya kitanda pana bakuli, na ndani ya bakuli mabaki ya uji wa mchele.

Sikuuliza. Wala Zuwena, aliyekuwa kasimama dirishani, hajaenda kwake tangu zamu yake iishe, hakuniangalia.

Siku mbili zile sitaki kuzieleza sana. Msimamizi hakuondoka kitandani. Alinipanga mimi kulia na Zuwena kushoto, akatuamrisha, mgeuzeni, mfuteni, mwinueni. Tukamgeuza bila kuhesabu, kama zamani, mikono yetu inajua yenyewe. Vinywa vimefungwa. Yule mama kila akipata pumzi alikuwa anatutazama mmoja mmoja na kusema, "Ahsanteni, wanangu." Tulikuwa wadogo kwake kwa miaka michache tu. Siku ya tatu jua limepanda kidogo, akafa.

Mama yake alikuwa kwenye baraza ya chini. Msimamizi alishuka mwenyewe kumwambia, na sisi wawili nyuma yake. Yule bibi alisikia, akakunjua pindo la kanga, akalikunja tena. Kisha akauliza, "Alikula?"

Hakuna aliyejibu.

"Jioni ile nilimsikia anamwomba muuguzi chakula. Nikaambiwa kapewa uji."

Msimamizi akasema, "Alipewa."

"Ahsanteni," akasema yule bibi. "Mungu awalipe. Hakuwa mtu wa kulala na njaa."

Nimeishi sana, nimezika mume na watoto wawili. Neno lililonichoma kuliko yote ni ile ahsante.

Mchana Daktari akatuita sote sita ofisini kwake, na Msimamizi mbele. Hakukaa. Akasema, "Mtu mmoja hakusema. Mtu mmoja alitoa uji. Huenda angekufa hata bila uji, sijui, hakuna anayejua. Lakini nataka jina. Jina moja, aondoke leo."

Chumba kilikuwa kidogo. Nilikuwa nimesimama bega kwa bega na Zuwena, nausikia moyo wake, au ni wangu. Ulimi wangu ulikuwa unasema, ni mimi, ni mimi. Haukutoka nje ya meno. Nilikuwa na mama mgonjwa nyumbani, na yeye Zuwena nyumba yenye mbao badala ya mlango. Kila mmoja alikuwa na sababu. Hakuna mwenye kukosa sababu.

Msimamizi akasema, "Andika jina langu."

"Wewe hukuwapo."

"Ndilo kosa lenyewe. Sikuwapo."

"Usinichezee. Unajua ni nani."

"Naijua wodi yangu," akasema. "Wodi ndiyo iliyokosa, na wodi ni mimi." Akafungua funguo kiunoni, akaziweka juu ya meza ya Daktari, polepole, zisilie.

Daktari hakutaka kumpoteza, wala hakutaka kushindwa mbele yetu. Akampa chumba cha dobi, chini, afue shuka. Funguo akapewa mtu mwingine, mgeni. Na sisi wawili tukapanda juu, tukaendelea na kazi kama kwamba hakuna kitu.

Kuna watu mpaka leo wanalisifu jambo lile. Hata mimi nililisifu, zamani. Sasa ni mzee na nasema alikosea. Alilibeba peke yake yeye ambaye kutwa alitufundisha kuwa kitu hakibebwi peke yake. Mimi nilikaa nikijiambia, uji kautoa Zuwena, si mimi. Zuwena akakaa akijiambia, Tausi ndiye hakusema. Laiti angetusukuma mbele, tungefukuzwa, au tungelia, au tungepigana, lakini tungesema. Alitusitiri, na ile sitara ikatuziba vinywa.

Nilimfuata mara moja dobini. Kasimama kwenye povu mpaka viwikoni. Nikasema, "Bibi, nataka kukwambia. Siku ile mimi..."

"Siku ile wewe nini? Lete hiyo shuka."

"Bibi, nisikilize."

"Mimi si wa kuambiwa," akasema, akakamua shuka kama anamkamua mtu. "Mwenye kuambiwa yuko juu."

Sikupanda kumwambia.

Lakini alasiri ikifika, kila siku ya Mungu, tulisikia ngazini hatua nzito, hatua nyepesi. Anakuja na kapu la shuka safi, saa ile ile ya mafundo. Anasimama mlangoni mwa wodi kama mtu anayepumzisha mgongo. Yule msimamizi mgeni hakuwa na la kumwambia, shuka zimeletwa. Sisi tunashika ncha, tunavuta, ninasema, Zuwena anarudia. Fundo likikazwa, kapu linaondoka. Miaka ilikwenda hivyo. Nakuapia, hakuna vitanda mji ule vilivyotunzwa kama vitanda vyetu sisi wawili. Daktari alitusifu. Kazi ilikuwa safi, na haikuwa na ladha. Ngazini kahawa iliendelea, kila mtu na kikombe chake sasa, maana vile vya kabatini vilitolewa. Na hakukuwa na mtu wa kuuliza mkono wako umefanya nini.

Mwisho nikaolewa, nikaacha. Zuwena alibaki nyuma muda, kisha naye akaacha. Hatukuwahi kusemezana nje ya kazi.

Msimamizi, nguvu zilipokwisha, alichukuliwa na mpwa wake akakae naye huko Mpendae, siku hizo ni mashamba na vibanda vichache tu. Nilikuwa nakwenda kila Ijumaa. Mpwa wake alikuwa mwanamke mpole, akaniambia siku ya kwanza, "Bi Tausi, na yule mwenzako anakuja Jumatatu na Jumatano." Nikasema, "Mwenzangu nani?" Na huyo Zuwena, nasikia, naye aliambiwa habari ya Ijumaa yangu, akasema vivyo hivyo.

Basi siku moja nilikwenda Alhamisi, kwa sababu nilisikia hali imekuwa nzito. Mpwa akanipokea mlangoni, macho mekundu. "Ingia, Bi Tausi. Lakini leo usiondoke haraka."

Ndani, Zuwena kakaa kwenye kigoda karibu na kitanda. Mikono ya kanzu kaikunja mpaka viwikoni, vile vile. Kazeeka. Na mimi pia, nadhani. Aliponiona akainuka, akachukua buibui lake msumarini. Nikasogea kando apite. Tulikuwa hodari wa kupishana.

"Shikamoo, Bibi," nikasema kitandani.

"Marahaba." Sauti ilikuwa ya karatasi. Macho alikuwa kayafumba. "Siku hizi zamu inabadilishwa kimya kimya?"

Zuwena akasimama mlangoni, buibui liko begani.

"Naona mmoja anatoka," akasema Msimamizi, "mmoja anaingia. Sisikii kitu. Au mimi nshakuwa kiziwi?"

Kuku walikuwa wanapekua nje. Mpwa kasimama katikati yetu, hajui aende wapi. Zuwena akarudi hatua moja. Akasema, akiutazama ukuta, "Hamezi tangu asubuhi. Nimempa kijiko cha maji, kikamwendea njia ya pumzi, kidogo afe. Na majirani wanakuja na uji, kila mtu anataka thawabu yake. Nikigeuka tu, mtu kashamwinua kichwa."

Nikasikia neno uji limeanguka ndani ya chumba. Na yeye alilisikia.

"Asipewe kitu," nikasema. "Midomo tu, kwa pamba."

"Asipewe kitu," akarudia Zuwena. "Midomo tu, kwa pamba."

"Mpaka lini?" akauliza Msimamizi. Hakuna aliyejibu. "Nyinyi si watoto. Semeni."

"Mpaka Mungu atakapotaka," nikasema.

"Mpaka Mungu atakapotaka," akasema Zuwena, na sauti yake ikavunjika katikati.

"Kalilie msalani," akasema Msimamizi.

Mpwa wake, ambaye alilelewa na mambo yale, alikwisha chana kipande cha kanga nzee. Akampa Zuwena. Zuwena akainama kwenye mguu wa kitanda wa upande wa kichwani, akapitisha kitambaa, akanyoosha ncha ya pili kwangu. Sikuishika. Nilisema kwanza, maana nilijua nikiishika sitasema tena.

"Siku ile sikusahau. Kitambaa kilikuwa mfukoni mwangu. Nilinyamaza kwa makusudi."

Ncha ile ilibaki imenyooshwa. "Najua," akasema. "Nilikuona umekishika. Nilikupa mgongo." Akavuta pumzi. "Na nilipomkorogea uji nilijua lazima kuna la kuuliza. Mshono mbichi vile, nani asiyejua? Nikajiambia, nikimpa na akaumwa, atakayefukuzwa ni yule asiyesema. Nilitaka ufukuzwe, Tausi. Hilo tu. Sikufikiri kuwa ndani ya jambo lile kuna mtu."

Nilipiga magoti, na magoti yangu si ya kupigwa tena. Nikaishika ncha. Tukavuta. Mguu wa kitanda kile ulikuwa mwembamba, wa mti mbaya.

Msimamizi akaushusha mkono kutoka ubavuni, polepole, kidole kikatafuta chini mpaka kikalipata fundo. Akaligusa. Akalizungusha.

"Limelegea," akasema. "Rudieni."

Tukalifungua, tukaanza tena.